Ua la Wolter Lisilo na Jina

Jumatatu, 17 Aprili. Zutphen

Wamepanda. Chama kizima cha wapenda bustani, wazee watupu, na masanduku mazito kana kwamba tunavuka bahari. Kumbe ni mto IJssel tu, wiki moja, kutazama maua ya machipuko. Nimesimama mapokezi nikimwonyesha kila mmoja kibao chake kwenye ubao wa mlangoni: ukishuka geuza upande mwekundu, ukirudi geuza wa kijani. Meli haiondoki kibao kimoja kikiwa chekundu. Nililirudia hilo mpaka mzee mmoja, Teunis, akaniuliza kama anaruhusiwa kugeuza cha mkewe kiwe kijani mapema ili meli imwache. Wakacheka wote, mkewe zaidi. Mimi sikucheka. Nikaanza kuwaza — akifanya kweli?

Bwana Berend, meneja wangu, ananitazama sana. Majaribio yangu ya kazi yanakwisha mwisho wa mwezi. Leo amenikuta naandika humu nyuma ya kaunta. Sikumwambia kwamba nikiogopa huandika, na mikono hutulia.

Jumanne, 18 Aprili. Deventer

Abiria mmoja, Bi Aleida Nijhof, amekuja kukaa nami mapokezi wenzake walipokwenda kununua keki ya asali. Marehemu mumewe, Wolter, alikuwa tarishi. Akimaliza kugawa barua anaingia bustanini nyuma ya nyumba, anapandisha tulipu kwa tulipu, anangoja miaka mbegu ichanue, halionei fahari, anatupa, anaanza upya. Uzeeni akapata moja aliyoikubali. Matunguu yake, yale yanayofukiwa udongoni, akampa mkulima wa karibu na Urk, Meindert Romkes, ayazalishe. Wolter aliliona ua lake kwenye mstari mfupi tu, akafa. Mwaka huu ndiyo mara ya kwanza limejaza kipande kizima cha shamba.

Halina jina bado, namba tu. Romkes anamsihi Bi Nijhof alipe jina. Yeye amekataa: halipi jina ua ambalo hajaliona limesimama shambani. Na macho yake yanakwenda. Katikati ya kila kitu anachokitazama pana doa, na doa linakua. Daktari hakumficha, mwakani asitegemee.

"Sitaki kusimuliwa, binti," aliniambia. "Nataka kuliona."

Ziara ya shamba la Romkes iko kwenye ratiba ya Jumamosi. Kazi yangu ni kuthibitisha tu. Niliandika kwanza sentensi zangu kwenye karatasi, ndipo nikapiga simu. Ni mtu wa maneno machache. Njooni Jumamosi, alisema, Jumatatu asubuhi mashine inakata vichwa. Ndivyo wanavyofanya wakulima wote: wao wanauza tunguu, na ua likiachwa linakula chakula cha tunguu. Kwa hiyo likishachanua, kichwa chini!

Nimeandika JUMAMOSI mara mbili na kupiga mstari.

Alhamisi, 20 Aprili. Hattem

Bustani ya nyumba ya kale. Nargisi, hiasinti, harufu mpaka kichwa kinauma. Joto lisilo la msimu. Mtunza bustani amelalamika kwamba tulipu zimekimbia mwaka huu, petali zinaanguka kabla ya wiki kwisha. Bi Nijhof anatazama maua kama kuku, kwa upande, kwa jicho moja, kisha anapeleka uso karibu kabisa. Wenzake wanapiga picha. Yeye hapigi.

Nimempigia tena Romkes. Akasema alichosema Jumanne, kwa sauti ya mtu anayeulizwa jina lake mara ya pili.

Ijumaa, 21 Aprili. Kampen

Upepo! Tangu alfajiri kamba za meli zinalia. Nahodha amekataa kutoka mdomo wa mto kuingia ziwani, mawimbi ni mafupi na makali, na kesho utabiri ni huohuo. Urk tutafika Jumapili.

Bwana Berend alipita kaunta akiwa na haraka, akaniambia nisogeze kila kitu cha Jumamosi kwenda Jumapili. Kila kitu: basi, kahawa, shamba. Nilisogeza. Wenye basi wamekubali. Romkes hakupokea, nikamwandikia ujumbe kwenye simu: upepo, samahani, tutakuja Jumapili mchana. Ameusoma, alama zimeonekana. Hakujibu. Nimechukulia kwamba amekubali, si mtu wa maneno mengi.

Nimemwambia Bi Nijhof kwamba tumesogeza safari, shamba liko palepale. Akauliza, "Mashine bado ni Jumatatu?" Ndiyo. Akaniminya mkono.

Jumamosi, 22 Aprili. Kampen

Nimefanya kosa. Kosa la kijinga kabisa.

Mchana, kwenye supu ya njegere, mtu aliuliza ratiba ya kesho. Nikaisoma. Teunis akaweka kijiko chini.

"Shambani Urk, Jumapili? Mwanangu, kule hata kuku hawatagi Jumapili."

Meza nzima ikacheka. Watu wa Urk! Kanisa mara mbili, hakuna kazi, hakuna biashara, hakuna mgeni wa kulipia kahawa. Na mimi si mgeni wa mambo haya. Nyanya yangu hakuanika hata soksi Jumapili. Nilisogeza tarehe kwenye ratiba kama mtu anayesogeza kiti, sikuisoma siku. Sasa naelewa kwa nini Romkes hakujibu. Ataujibuje ujumbe kama ule? Labda alidhani ni mzaha. Labda ametukasirikia.

Nimempigia. Hapokei. Nimempigia tena.

Teksi! Kutoka hapa mpaka Urk kwa barabara si mbali, ningempeleka Bi Nijhof leo leo. Lakini Bwana Berend hataki abiria atoke nje ya ratiba, na ningelazimika kumweleza kwa nini. Nimesimama mlangoni kwake. Nimesikia anacheka na simu. Nimerudi kaunta. Nimepanga kalamu. Jua limeshuka na sijafanya lolote.

Jumapili, 23 Aprili. Urk

Ziwa limelala kama sahani. Tumefunga gatini watu wakienda kanisani, nguo nyeusi, kofia, watoto hawakimbii. Mji kimya hivi kwamba niliona aibu ya magurudumu ya basi letu.

Nimemwambia Bwana Berend. Alinisikiliza, kisha akauliza kama nimezaliwa Marekani. Hata yeye asiyekanyaga kanisani, alisema, anajua. Sikumkumbusha kwamba ni yeye aliyesema nisogeze kila kitu. Amelipeleka basi kwenye bustani ya maonyesho mbali na hapa, ya watu wasiojali siku. Mambo yangu tutayazungumza kesho, Kampen.

Bi Nijhof hakupanda basi. Alikuwa amevaa koti la buluu na kiatu kizito cha matope, anangoja sitahani. Nikamwambia yote. Ujumbe, Jumapili, simu zisizopokewa, teksi ya jana ambayo sikuiita. Nilitegemea alie. Akasema nilimshangaza ile juzi, alidhani Romkes ametufungulia kwa heshima ya Wolter. Nikampa wazo: twende sisi wawili, tusimame tu ukingoni, tusimsumbue mtu.

"Nimwingilie mtu kwenye siku yake? Wolter angenikana." Akafikiri. "Na mashine, si inapumzika nayo leo?"

Ndiyo, inapumzika.

"Basi ua liko salama mpaka kesho. Kazi ni kuiwahi."

Meli inaondoka kesho baada ya kifungua kinywa.

Jumatatu, 24 Aprili. Shambani

Nimeketi chini. Naogopa, ndiyo maana naandika.

Tumetoka kabla ya kifungua kinywa. Pale mlangoni nilisimama mbele ya ubao wa vibao. Tungeviacha vya kijani, hakuna ambaye angejua, meli ingekwenda na sisi tungebaki. Nimegeuza vyote viwili, chake na changu. Vyekundu.

Kutoka kwenye teksi niliona mashamba, mengine mekundu, mengine ya manjano, mengine kijani kitupu, mabua bila vichwa na petali zimelala mitaroni. Bi Nijhof akauliza naona nini. Nikasema bado tuko mbali.

Kwa Romkes hapakuwa na mtu nyumbani. Sauti ya mashine tuliifuata nyuma ya ghala. Nusu ya kipande imeshakatwa. Nusu imesimama: nyeupe ya maziwa, na chini kabisa ya petali mstari mwekundu mwembamba, kama mtu aliyejikata kwa karatasi. Dereva wa mashine amevaa vizibo vya masikio. Niliita, nikapunga mikono, hakuona. Sijui niliruka mfereji vipi. Nilijikuta mbele yake, katikati ya mstari, mikono juu, na visu vinazunguka. Akazima. Akasema maneno ya Kipolandi ambayo sihitaji kutafsiriwa. Sasa anampigia bosi.

Bi Nijhof ameingia ndani ya maua. Amepiga magoti kwenye matope na koti lake zuri, ameshika ua moja kwa vidole viwili, amegeuza uso pembeni kama kuku. Ameachia hilo, ameshika jingine.

Simu inatetemeka mfukoni. Berend. Bila shaka ameviona vibao. Hii ni mara ya tatu.

Gari la Romkes linakuja kwenye tuta, naona taa zake. Dereva ananionyesha kwa kidole nipishe, bosi amesema amalize, mvua inakuja. Nimemwambia asubiri. Sauti yangu imetoka ndogo, lakini nimeketi mbele ya visu na siinuki.

Bi Nijhof anasogeza midomo. Anajaribu majina —