Kazi ya Kusikiliza Tu

Jumanne, Bukiriro

Sijui kama nimefanya vibaya. Darasa langu la Kiswahili la watu wazima, ambalo ndilo utafiti wangu wote, leo lilikuwa na Mama Leonsia peke yake. Tangu litoke tangazo kwamba wakimbizi warudi kwao, wenzake hawaonekani.

Nilipofungua daftari akaweka mkono juu yake.

"Mwalimu, Kiswahili cha kitabuni kitaniumbua. Nifundishe kusema kama waliozaliwa hapa."

Miaka miwili nimekuwa nikiandika jinsi wakimbizi wanavyotamka na wenyeji wanavyotamka. Tukakaa saa nzima kwa sentensi moja: nimezaliwa Murukulazo, kijiji cha jirani hapa. Mwishoni nilikaribia kudanganyika hata mimi.

Jioni akaja afisa mmoja mzee kutoka wilayani. Nilimpa shikamoo, akaitika kwa upole, akakubali chai. Akasema wengi wamejificha vijijini, na askari wake kwenye kizuizi cha barabarani hawawezi kuwatofautisha na wenyeji.

"Wewe umesomea haya mambo. Kesho utakaa nasi barabarani. Ni kusikiliza tu."

Nikamwambia utafiti wangu ni wa kufundisha, si wa kutambua watu.

"Kibali chako kimetoka kwetu, mwanangu," akasema, akamalizia chai yake.

Gari litanipitia saa moja asubuhi. Nimeamua kwamba kila watakayemsimamisha nitasema ni wa hapa. Ninachoogopa ni uso wangu, siku Mama Leonsia atakapofungua mdomo mbele yao.