Bangili Ipo Mezani

Jumatatu, 11 Machi
Malalamiko yamefika mia mbili. Bangili yetu kazi yake ni moja tu: mzee akianguka, iwapigie simu watoto wake. Lakini akiivua na kuitupa mezani, nayo inapiga! Watoto wanatoka mbio kazini, wanamkuta baba anaoga. Bosi anataka jambo hili liishe wiki hii.

Mzee wa Betri ameshalirekebisha. Ni jirani yangu wa dawati, tunamwita hivyo kwa sababu hana habari nyingine ila chaji. Kanuni yetu ni kwamba hakuna marekebisho yanayokwenda kwa wateja mpaka mtu wa pili ayasome. Mtu wa pili nilikuwa mimi, na nilikuwa na njaa. Nikabonyeza "Nimesoma, sawa". Naye yangu huyapitisha hivyohivyo. Nipe nikupe.

Jumanne, 12 Machi
Simu za ovyo zimekwisha. Bosi kaleta keki. Nimempigia Shangazi, nikamwambia sasa anaweza kuivua bila kunitia presha. Akasema yeye si ng'ombe wa kufungwa kengele, anaivaa kwa ajili yangu tu. Ni kweli, nilimbembeleza miezi miwili. Anaishi peke yake na goti lake bovu. Ndiye aliyenilea.

Jumatano, 20 Machi
Binti wa mteja mmoja ameandika. Baba yake alianguka bafuni asubuhi, wakamkuta jioni. Yuko hospitali, hasemi. Bangili ilikuwa mkononi na haikumpigia mtu.

Nimefungua kumbukumbu za bangili ile. Saa mbili na dakika saba — pigo kubwa. Kisha: "Bangili ipo mezani. Kila kitu salama."

Mezani!

Nikayatafuta marekebisho ya Jumatatu ile. Mistari kumi na minne ya programu. Pigo likifuatwa na utulivu wa dakika nzima, ihesabu kwamba imevuliwa, isipige simu. Sasa anayeanguka akazimia? Huyo hatikisiki. Anayegaagaa atapata msaada, aliyezimia hapati. Na chini ya mistari, jina la aliyeandika na jina la aliyesoma. Langu. Dakika mbili tu zingetosha. Naona aibu hata kuandika hapa.

Alhamisi, 21 Machi
Kikao cha asubuhi huwa tunasimama ili kisirefuke. Nimesema yote mbele ya watu. Mzee wa Betri aliangalia viatu vyake. Bosi akauliza wameumia wangapi. Tunayemjua ni mmoja, nikasema. "Basi ni mmoja," akasema.

Siku nzima tumeshinda tukiandika marekebisho mapya. Safari hii nimesoma kila mstari, mara tatu. Tumeiangusha bangili mezani, sakafuni, kisha nikaivaa, nikajibwaga chini na kulala kama maiti. Ikapiga! Mzee wa Betri alifuta macho, akasingizia vumbi. Saa kumi na mbili na nusu. Bosi alikuwa ameshaondoka, na bila ruhusa yake hayaendi kwa wateja.

Ijumaa, 22 Machi
Ijumaa hatupeleki kitu kwa wateja, kwa kuwa wikendi hakuna mtu ofisini wa kuzima moto. Kanuni imebandikwa ukutani. Niliibandika mimi. Bosi kainyooshea kidole, akasema tungoje Jumatatu asubuhi, siku tatu zitamuua nani?

Nikasema basi tuwaandikie wateja wawe waangalifu. Akasema nikiwaandikia, Jumatatu hatutakuwa na kampuni. Nikarudi kwenye kiti changu. Mimi na mdomo wangu huu.

Jioni nimempigia Shangazi. Bangili ina kasoro, nikamwambia, tembea na simu kila chumba. Hata bafuni? Hata bafuni. Akasema simu ikiingia maji shauri yangu. Sikuweza kucheka. Wateja wengine elfu moja na mia tatu sikuwapigia.

Jumamosi, 23 Machi
Naandika nikiwa ngazini, nje ya mlango wa Shangazi. Kukaa bure siwezi.

Tangu saa tatu nampigia, hapokei. Nikafungua kumbukumbu za bangili yake. Saa moja na dakika arobaini, pigo kubwa. Chini yake, kwa rangi ya kijani: "Bangili ipo mezani. Kila kitu salama."

Huenda ni kweli. Huivua akiosha vyombo, huivua akijipaka mafuta. Njia nzima nimejiambia hivyo.

Nimegonga mpaka ngumi zimevimba. Jirani wa juu amejaribu kwa bega, lakini mlango ni wa chuma na umefungwa kwa ndani. Fundi wa kufuli anasema dakika kumi. Ameshasema hivyo mara mbili. Ndani redio inaongea. Nikipiga simu yake naisikia ikiita, mbali, huko chumbani. Hakutembea nayo.

Dirisha la sebuleni lina nondo, ila pazia halikufungwa vizuri. Nimechungulia. Sakafu siioni. Meza naiona yote, ni ndogo. Miwani yake. Kikombe. Kitambaa alichofuma mwenyewe.

Bangili haipo.