Shukrani kwa Daktari Aloys

Rohero, Bujumbura

Mdogo wangu mpenzi Khadidja,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba joto la Maskati halijakumaliza. Goti lako je, limepona? Sisi tunamshukuru Mungu, duka liko wazi, shemeji yako Nasor anakusalimu sana. Barua nimempa mtu anayesafiri, maana simu yako watoto wanaifungua, na maneno haya ni yako peke yako.

Uliniuliza hitma ya arobaini ya Wafa ilikwendaje, nami nikakaa kimya miezi miwili. Sasa ngoja nikwambie.

Unamkumbuka Daktari Aloys, wa kliniki ile ya mlimani Gihosha. Miaka miwili nilimpelekea binti yangu Wafa. Mikono ilitetemeka mpaka chai inamwagika, ulimi ukawa mzito, macho yakaingia manjano. Akasema malaria. Akasema minyoo. Tukirudi, minyoo tena. Mwisho akasema msichana anaogopa mtihani wa serikali, anajifanya tu. Ni Laure, mpima macho, aliyeona duara la kahawia kuzunguka weusi wa jicho. Akanieleza kuna ugonjwa wa nadra wa kurithi, shaba ya kwenye chakula inakataa kutoka mwilini, inalala kwenye ini na ubongo, na dawa ipo mtu akiwahi. Akaniandikia jina kwenye kikaratasi: Wilson.

Nikakimbia nacho kwa Aloys. Hakukisoma. Aliniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi. Nikasema la sita. Akamgeukia muuguzi wake wakacheka, ati ehe, mama wa la sita amekuja kunifundisha udaktari! Kisha akashauri tumpeleke mtoto akasomewe. Wafa alikufa mwezi wa Rajab. Ini lilikuwa limekwisha.

Basi mimi nikamwalika kwenye hitma. Nilikwenda mwenyewe, na halua mkononi, nikamwambia familia inataka kumshukuru. Akaja na suti, akaketishwa mbele karibu na maalim, akala pilau vizuri. Unajua kwetu mwanamke hasimami kusema mbele ya wanaume, kwa hiyo shukrani nilikuwa nimeziandika nikampa maalim. Maskini, hakuipitia kwanza karatasi. Akaisoma kwa sauti yake ya hotuba: tunamshukuru Daktari Aloys kwa dawa ya malaria, ugonjwa ambao Wafa hakuwa nao. Tunamshukuru kwa dawa ya minyoo, mara tatu. Tunamshukuru kwa kutuambia mtoto anajifanya. Sasa ni siku arobaini anajifanya maiti.

Hapo maalim akaelewa, akaishusha karatasi. Nasor akamwambia amalizie. Nyuma ya pazia shangazi alinifinya, ati we Mwanamwema, huyo mutu atatufia hapa! Mi nikamwambia aache afe, pilau bado iko. Watu walikuwa zaidi ya mia. Nilichungulia nikamwona Aloys anafuta mikono iliyokwisha kukauka zamani, anafuta tu. Wallahi, Khadidja, moyo wangu ulishiba. Sikosi sala hata moja, lakini siku ile niliomba kitu kimoja: asisahau mpaka kaburini.

Juma lililofuata mwanangu Zayd akamwaga chai.

Ningekwenda kwa nani? Dosie yote ya matibabu iko kwa Aloys. Nikaenda nimekunja uso, tayari kwa vita. Hakunikaripia. Alimulika macho ya mtoto kwa muda mrefu, akaichukua dosie ya Wafa, akaigeuza upande wangu na kuweka kidole kwenye mstari wa siku ya kwanza kabisa.

Hili sijamwambia mtu, hata Nasor. Siku ile ya kwanza aliniuliza kama mimi na mume wangu ni ndugu, maana ndugu wakioana magonjwa ya kurithi huwapata watoto kwa urahisi. Nilisema apana. Yule muuguzi alikuwapo, naye ni jirani yetu mpya asiyejua ukoo wetu, na unakumbuka majirani walivyotucheka tukiwa wasichana, ati Waarabu wanaoana kama njiwa wa kizimba kimoja. Niliona haya. Aloys akaandika: wazazi hawana undugu. Mlango akaufunga yeye, ufunguo nilimpa mimi.

Akaniambia jirani zetu walishamwambia ukweli palepale kwenye hitma, kabla karatasi yangu haijasomwa. Angeweza kusimama akanijibu mbele ya wote. Hakusema. Sasa akaniuliza tena, nami nikajibu, Zayd akisikia: ndiyo, baba zetu ni tumbo moja. Akaandika, akasaini damu ipelekwe nje. Akasema hata hivyo yeye alipaswa kuyatazama yale macho.

Majibu yamekuja, ni ugonjwa uleule. Zayd ameanza dawa. Mkono bado unatetemeka, lakini ini wanasema limewahiwa.

Aloys sijamsamehe, na sitaki. Ila kila nikianza kumlaani, neno linageuka njiani na kunitafuta mimi. Yeye nilimwaibisha mbele ya watu mia. Mimi nani ataniaibisha?

Sasa wewe. Tumeolewa na ndugu wawili, damu ya watoto wako ni ya watoto wangu. Wapeleke wakapimwe wote, hata wasioumwa, na wakikuuliza kama wewe na mumeo ni ndugu, usione haya kama mimi. Wabusu wote kwa niaba yangu, na shemeji mpe salamu.

Leo jioni waambie wamimine chai mbele yako, mmoja mmoja, uwatazame mikono. Kisha niandikie upesi.

Dada yako,
Mwanamwema