Usilikate Bomba la Mama

Skarvmo,
Jumapili, 11 Agosti

Mdogo wangu mpenzi Eilif,

Salamu hizi zinatoka hapa jikoni, penye kahawa niliyoichemsha mara mbili, na naomba zikukute mzima, wewe na huo mgongo wako. Je, umetulia? Na huko pwani mvua imewaachia? Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Majani yamekatwa na yako ghalani, isipokuwa kile kipande cha bondeni kilichonyeshewa, nimekiacha kioze, sikuwa na nguvu ya kukigeuza mara ya tatu. Miguu yangu imeumuka kama mkate. Siku hizi nikimaliza kupiga deki kule nyumba ya wazee nakaa ndani ya gari dakika kumi bila kuliwasha. Nimekaa tu, siwazi kitu.

Utasema mbona dada anaandika barua na simu ipo. Nimepiga mara saba, Eilif, hupokei. Umeniletea ujumbe mmoja tu, kwamba utakuja Jumamosi ya tarehe 24 na mashine ya kukatia vyuma, ulikate lile bomba vipande vipande, na kwamba hutachomelea tena kitu cha mtoto maisha yako yote. Basi nikaona niandike. Kalamu hainitii, unajua siku nilipoacha shule mwalimu alifurahi kuliko mimi. Lakini kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Kwanza Tiril. Mfupa wa mtulinga, pale begani, unaunga vizuri. Mkono wa kushoto bado umefungwa kifuani, anakula kwa wa kulia, na tangu juzi ameanza kunijibu ovyo, kwa hiyo najua anapona. Daktari amesema wiki sita. Nimehesabu kwenye kalenda: zitaisha katikati ya Septemba, na majaribio ya timu ya mkoa ya kuteleza, kule kwenye jumba lenye theluji mwaka mzima, ni tarehe 28. Zinabaki wiki mbili za mazoezi. Wiki mbili, na mahali pa kufanyia ni hapa uani tu, kwenye lile bomba. Ukilikata, basi tena. Hilo analijua na halali vizuri. Ananiuliza kila siku kama mjomba amepiga. Namwambia bado.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, nataka ujue mambo nilivyoyaona mimi.

Tiril aliponijia wakati wa Pasaka, theluji inaanza kuyeyuka, akasema anataka kuteleza na skii, zile mbao zake za miguuni, kiangazi kizima, nilimcheka. Nikamwambia atatelezea wapi, kwenye matope? Akasema ana akili yake. Shule ilikuwa inang'oa nyasi za plastiki za uwanja wa mpira, wanazitoa bure, akazileta mikunjo sita kwa trela ya mzee Gudmund wa ng'ambo ya uzio. Akazitandika kwenye ule mteremko wa udongo tunaopandishia majani ghalani, kuanzia mlangoni juu mpaka uani chini. Gudmund akaegemea uzio akaniuliza, "Oddlaug, siku hizi unalima plastiki? Ikikomaa niite nije kuvuna." Nami nikamjibu asihangaike, meno yake na hiyo plastiki ni ndugu. Alicheka mpaka akashika uzio. Siku hizo tulikuwa tunacheka bado.

Halafu ukaja wewe mkesha wa Mtakatifu Yohana. Badala ya kukaa kwenye moto wa sikukuu na watu wengine ukaingia nyuma ya ghala na kutoka na bomba la Mama begani, lile ulilomwekea kwenye ngazi miguu yake ilipoanza kumsaliti. Ulipoliweka ulikuwa na miaka ishirini. Alilishika miaka tisa, asubuhi na jioni, na hakuanguka hata siku moja. Ulimwambia Tiril kwamba bomba hili halijui kuangusha mtu. Ukalikatia miguu minne, ukachomelea, ukalisimamisha pale chini mteremko unapoishia, awe anaruka juu yake na skii zake na kuteleza mpaka kwenye magodoro. Nikakuuliza kama litahimili, ukanitazama kama nimekutukana. Ukasema, "Dada, hata ng'ombe wako wote watano wapange foleni juu yake, halipindi." Nilikuandalia mkate na jibini ya kahawia na hukula, ulikuwa unalipapasa bomba kama farasi.

Mdogo wangu, usidhani sikufurahi. Nilifurahi. Baba yake Tiril habari zake unazijua, sizirudii, na mtoto alikuwa amepata mtu wa kumshikia mbao. Lakini mimi niliogopa tangu siku ya kwanza.

Nyasi zile zikiwa kavu hazitelezi. Tiril alizimwagia maji na sabuni, ile sabuni ya kijani ya kusugulia sakafu za mbao, ndoo nzima kila asubuhi. Sasa fikiri, Eilif. Miaka ishirini na mbili nasugua sakafu za wazee kwa sabuni hiyo hiyo. Miaka ishirini na mbili naweka kile kibao cha njano sakafuni ili mtu asiteleze. Nimemwona mzee wa watu akivunjika nyonga kwenye sakafu niliyoisugua mimi, kwa sababu niligeuka kuchukua kitambaa. Halafu nasimama dirishani namwona mtoto wangu wa pekee anaimwaga makusudi na kushuka juu yake na mbao miguuni kuelekea chuma. Nilikuwa nafumba macho nahesabu. Nikisikia chuma kinalia kwa mlio mrefu, najua yuko juu ya bomba. Nikisikia godoro, napumua.

Nilimwambia apunguze kasi. Akasema, "Mama, ukitamka 'polepole' tena nitakuandikia hicho kibao cha njano ukivae shingoni." Na akanieleza, nataka ujue kwamba alinieleza, pale mezani akichora kwa kidole kwenye makombo ya mkate: kinachoangusha si kasi, ni kusita. Skii zikishikwa ghafla, miguu inabaki na mwili unakwenda. Niliitikia kwa kichwa kama ninayesikia. Sikuwa nasikia. Nilikuwa natazama kidole chake, kilikuwa na malengelenge.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, tarehe tatu. Mengine unayajua kwa simu ya Gudmund. Kwamba Tiril alishuka, akaanguka kabla ya kulipanda bomba, akaligonga kwa bega. Kwamba Gudmund ndiye aliyefika wa kwanza, akamfunika koti, na baada ya gari la wagonjwa kuondoka akapiga magoti akaona mguu wa kwanza wa bomba umepinda na pale ulipochomelea pamefunguka kama mdomo. Akasema, "Hapa ndipo." Hakusema kwa ubaya, yule mzee hana ubaya. Lakini alikwambia wewe, na wewe ukaamini, na tangu siku hiyo umejifungia. Ninajua unachojiambia. Unajiambia kwamba bomba lililomshika mama yetu miaka tisa wewe umelifanya limwangushe mjukuu wake.

Si kweli. Nimenyamaza siku nane na sasa nasema.

Asubuhi ile, kabla Tiril hajaamka, nilitoka uani na kandambili zangu. Kwanza nilifanya nilichofanya kila siku tangu uondoke, nilipitisha kidole kwenye kila ulipochomelea, miguu yote minne, juu na chini. Sijui chuma, lakini ufa naujua. Hapakuwa na ufa, Eilif. Palikuwa pazima na laini kama kingo za kikombe. Mguu ule ulipinda na kufunguka kwa sababu mtoto aliuangukia kwa uzito wake wote, akitupwa. Haukumwangusha. Ulipokea.

Kisha nikachukua mpira wa maji wa zizini. Nikasuuza nyasi, nikaitoa sabuni yote, nikasugua na ufagio mpaka povu likaisha. Mpira haufiki juu ya mteremko, kwa hiyo nilisuuza kule chini tu, hatua kama sita za mwisho kabla ya bomba. Ndoo yake ya sabuni nikaimwaga kwenye mtaro nikamjazia maji matupu. Nilijiambia akifika pale chini atapungua kasi kidogo, atafika kwenye chuma taratibu, na mimi leo nitakunywa kahawa yangu macho wazi. Jua likatoka, pakakauka. Nikaingia ndani nikakata mkate, na nilikuwa natabasamu, Mungu anisamehe.

Juu, kwa sabuni iliyobaki ya siku zilizopita, paliteleza kama kawaida. Chini pakamshika miguu. Nilimwona kwa macho yangu, siku ile sikuyafumba.

Kwa hiyo si mkono wako. Ni mkono wangu, huu unaoandika. Nimejaribu kumwambia mara tatu. Mara ya kwanza hospitali, akawa amelala. Mara ya pili nilipokuwa namfunga nywele, nikasema "Tiril", akasema "nini", nikasema zimekua. Mara ya tatu ni jana. Alisema labda mjomba alifanya haraka ile siku ya mkesha, moto ulikuwa unawangoja. Alisema bila hasira, na hapo ndipo nilipojua siwezi kunyamaza tena, maana mtoto ameanza kukusamehe kosa ambalo hukulifanya.

Naomba uje hiyo tarehe 24. Njoo na mashine ya kuchomelea, ile ya kukatia iache huko huko. Mguu mmoja tu ndio wa kurudisha. Utanikuta, na ukitaka kunifokea utanifokea, nitakuandalia mkate na safari hii utakula. Sabuni nitamwaga mimi mwenyewe, kuanzia juu mpaka chini, na kibao changu cha njano nitakiacha kazini.

Gudmund anakusalimu, anasema nyasi zake za plastiki bado hazijakomaa. Ng'ombe hawajambo. Msalimie kila aliyeko karibu nawe anayekupikia, kama yupo, na kama hayupo basi jipikie.

Bahasha hii sitaigundisha. Tiril ndiye atakayeipeleka posta kesho, kwa mkono wake mzima, na wewe unamjua, hajawahi kubeba karatasi ya mtu bila kuisoma. Ikikufikia imefungwa, ujue ameifunga yeye.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Oddlaug