Mbu wa Chumbani Kwangu Wamekutwa na Virusi

Jumatano. Jua la Same limewaka tangu asubuhi, upepo umejaza vumbi kila mahali, na mimi sina raha.

Watafiti walitundika mtego wa mbu karibu na kitanda chetu, hapa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge. Jumatatu dada mmoja wao alirudi. "Mama Eliza, mbu wa chumbani kwako tumewakuta na virusi."

Virusi! Kwetu neno hilo likitajwa hivyo, hakuna anayeuliza ni vya nini.

Nilisema ahsante, nikafunga mlango. Mbu wananyonya damu, na chumbani tunalala wawili. Mimi nilipima nikiwa na mimba ya Eliza, nikawa salama. Akabaki mume wangu, fundi mitambo wa shamba, mwenye safari zisizoisha za kufuata vipuri mjini Mwanga.

Naona aibu kuandika haya. Nilipekua simu yake. Nilimtengea kikombe, na ninajua fika kikombe hakiambukizi. Jana nikamwambia akapime. Hakubisha. Alivaa shati safi, asubuhi hii akaenda.

Mchana dada wa utafiti amekuja kubadilisha mtego, nikamvaa mlangoni. "Hivyo virusi mbu wamevitoa kwa nani?"

Akacheka, kisha akaona uso wangu, akaacha.

Kumbe ni virusi vya mbu wenyewe. Mbu jike huwarithisha wanawe. Akanichorea kwenye daftari: ujumbe wa kurithi wa virusi hivyo umeandikwa kwenye nyuzi mbili zilizoshikana, wakati virusi vingine vingi vina uzi mmoja. Kwa wanavyojua mpaka sasa, havimwingii mtu. Nimemsikiliza huku nikimtazama machoni, nione kama ananificha kitu. Sikuona.

Jioni Baba Eliza amerudi na cheti. Hana kitu. Nikamweleza yote, mbu, daftari, nyuzi mbili, nikidhani tutacheka pamoja.

Hakucheka. Ameniuliza, "Ulianza lini kunishuku, mke wangu?"

Nimejibu, "Jumatatu."

Nimemdanganya. Nilianza mwaka jana, kabla ya mtego, kabla ya mbu yeyote, na kwa jinsi alivyotikisa kichwa, nadhani anajua.