Kiti cha Mama cha Dirishani

Dorinda Loureiro,
Betanzos, Galicia.
14 Septemba 1993

Mpendwa kaka Eladio,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Huko Montevideo baridi imeanza kulegea? Na kifua chako je? Graciela aliniambia kwenye simu kwamba bado unatoka nje bila koti, kama vile una miaka ishirini. Tafadhali msikilize mkeo.

Sisi hatujambo. Gonzalo anaota kitambi na hataki kuambiwa. Brais ameng'oka meno ya mbele, akicheka utadhani ni kizee. Sabela ni mtu mzima kuliko sisi sote, na utaona kwa nini nasema hivyo. Viazi vya mwaka huu ni vikubwa, mama angevisifu.

Najua unaingojea barua hii kwa jambo moja tu. Mama alipofariki uliniomba nimpeleke San Andrés de Teixido, kwa kuwa hakuwahi kufika, na unajua wanavyosema kwetu, asiyefika kanisa lile akiwa hai atafika akiwa mfu, katika umbo la mjusi. Kila Septemba palikuwa na ng'ombe anayezaa au viazi vya kuchimba. Hukutaka aende peke yake, akitambaa njiani kama mjusi, na mimi nilikuahidi. Kaka, tumekwenda. Lakini nakuandikia nikiwa nimeinamisha uso.

Jumatano asubuhi tulikwenda makaburini kumwalika. Niligonga jiwe nikamwambia, "Mama, ni leo. Vaa, twende." Watoto wakamwongoza mpaka garini. Tulimpa kiti cha dirishani, maana unajua alivyokuwa akichafukwa na tumbo safarini, na juu ya kiti nikatandika kile kitambaa chake cheusi cha kichwa. Njia nzima Sabela alimsimulia habari za shule. Brais akamwuliza kama kaburini kuna panya. Nilifurahi, Eladio, sikufichi.

Tulipofika Cedeira tukamkuta wifi yangu Cayetana, dada yake Gonzalo, amekuja kutoka Madrid kupumzika. Unamkumbuka, yule aliyeniuliza siku ya harusi yangu kama kwetu umeme umefika. Akaomba tumchukue. Akafungua mlango wa upande wa mama.

"Shangazi, hapo pana mtu," Sabela akasema.

"Mtu gani? Mbona simwoni?"

"Bibi. Tunampeleka San Andrés."

Cayetana akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Dorinda! Na wewe umo? Mtu mzima, mwenye duka la dawa, unapakia wafu garini?"

Nilihisi masikio yanawaka. Ningeweza kusema ndiyo, ni mama yangu, kaa upande ule. Maneno yenyewe si mengi. Badala yake nikacheka naye. Nikasema, "Aa, michezo ya watoto hiyo. Kaa, wifi." Nikanyoosha mkono nyuma, nikakivuta kitambaa cha mama, nikakisokomeza kwenye mkoba wangu. Cayetana akakaa. Gonzalo alinitupia jicho, akawasha gari.

Sabela alinitazama tu kwenye kioo, nami nikajifanya natafuta pipi.

Juu kabisa, pale farasi wa porini wanapokula nyasi na bahari inaonekana yote, tulisimama watoto wanyooshe miguu. Wakati wa kuondoka Sabela akakataa kuingia garini. "Nipe kitambaa cha bibi," akaniambia. "Hana kiti. Tutashuka kwa miguu." Gonzalo akataka kumkemea, nikamwambia atangulie kwa gari na Cayetana. Nikampa mtoto kitambaa.

Akashika ile njia ya zamani inayoteremka katikati ya vichaka vya miiba, mkono wake ameukunja na kuuinua kidogo, vile vile alivyokuwa akimshika mama kiwiko wakienda misa. Alitembea mwendo wa mama. Penye mawe alisimama kumngojea. Mimi nilifuata nyuma na Brais, ambaye kila akiona mjusi aliruka pembeni na kumwomba radhi.

Njiani wakatupita watu wa kijiji kingine. Mama mmoja mnene, ana jasho tele, akamwuliza Sabela, "Unakwenda na nani, mwanangu?"

"Na bibi yangu."

"Vizuri. Mweke upande wa ndani, huku upepo ni mkali kwa mtu mzima." Hakucheka wala hakushangaa. Kisha akanigeukia. "Na wewe mwenzangu, unakwenda na nani?"

Kaka, nilisema nimechoka.

Kanisani Sabela aliwasha mshumaa akasema, "Bibi, tumefika," kama mtu anayeshusha mzigo. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno, na salamu zako nilikuwa nazo. Nimerudi nayo yote nyumbani. Cayetana alikuwa amesimama nyuma, amevua miwani. Tulipotoka nje akanishika mkono. "Mimi nilikuwa natania, Dorinda. Ungeniambia kweli, ningempakata Brais. Aliyesema ni mchezo ni wewe."

Wala hakusema kwa ubaya. Nimelimeza neno hilo na bado halijashuka.

Wakati wa kurudi kiti cha dirishani kilibaki wazi, Cayetana alimpakata Brais bila kuombwa. Nilijikaza, nikamwuliza Sabela kama bibi alikasirika njiani.

"Hakukasirika. Aliuliza tu nani kachukua kitambaa chake."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia umekiweka mkobani kwako kisipate vumbi."

Mtoto wa miaka minane, Eladio, amemdanganya bibi yake aliyekufa ili kunisitiri mimi. Mama ulimkabidhi kwangu, na amefikishwa na Sabela. Siombi uniambie si kitu. Nataka tu ulijue kutoka kwangu. Kitambaa nimekikunja ndani ya bahasha hii. Kaa nacho wewe.

Nisalimie Graciela na mapacha wako wale watundu. Gonzalo anakusalimu, na Cayetana pia, amesisitiza nisisahau. Sabela anasema ukija atakuonyesha njia yenyewe, ila utembee polepole. Mungu akulinde kifua chako na akurudishe kwetu ukiwa hai, uende San Andrés kwa miguu yako.

Ni mimi dada yako nikupendaye, nisiye na uso wa kukutazama,
Dorinda