Saa Ngapi Zilipita

Kaka yangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na wifi yangu pamoja na wale wanangu wawili, ambao mama anadai kwa sasa lazima wawe wanainama kupita mlangoni. Sisi huku tupo. Mama hajambo, ila goti lake linatangaza mvua kabla ya redio. Anakusalimu sana na anakulaumu sana, na ameniagiza nisiyatenganishe hayo mawili. Hali yangu mimi nitakueleza nikiifikia, maana si ya kumalizwa kwa neno moja.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu mama huweka sauti kubwa ili naye asikie, na wewe hunikatiza kila neno la pili. Haya ninayotaka kukuambia hayataki kukatizwa. Nikikatizwa nitapata pa kutorokea. Basi tafuta mahali ukae.

Bado nipo pale kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, napiga pasi mashuka. Ila tangu miezi mitano iliyopita nina kazi nyingine ya pembeni. Alikuja mtaani kwetu, huku nyuma ya maghala, daktari mmoja wa kike kutoka hospitali kuu. Ni mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi, na ana maswali kuliko mtoto wa miaka minne, kwa hiyo siku ile ile watu wakambatiza Bi Maswali. Alikuja kufanya utafiti wa kiharusi. Alisimama mbele ya watu waliokalia madumu akasema kwamba amepekua madaftari ya hospitali na ameona jambo lililomnyima raha. Sisi tunaosema lugha yetu hii ni wachache mjini, lakini kiharusi kinatupiga tukiwa na umri mdogo kuliko wenzetu wa ng'ambo ya barabara. Tena tunafika hospitali tumechelewa, na wengi wetu hatutoki tukitembea. Alitaka kujua sababu. Alihitaji mkalimani anayejulikana milangoni, na watu wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye ninayewasomea barua zao. Nikakubali papo hapo. Laiti ningeomba siku moja ya kufikiri!

Basi mara tatu kwa wiki, nikitoka zamu, nikawa nazunguka na nesi wa utafiti na mashine yake ya kupimia presha. Mwanzoni tulicheka sana. Bibi wa nyumba ya kona alikataa kufungwa kile kitambaa mkononi, akasema amefungwa na ndoa miaka hamsini na inamtosha. Muuza mkaa aliuliza kama presha yake ikiwa kubwa kuliko ya jirani yake atapewa cheti.

Lakini fomu ilikuwa na swali la kumi na tisa. Liliuliza kama nyumbani kuna aliyewahi kupigwa na kiharusi, na kama yupo, saa ngapi zilipita tangu dalili ya kwanza hadi akafika hospitali, na kilichowachelewesha ni nini. Kaka, kicheko kilikuwa kinaishia hapo. Fundi cherehani alisema walikaa siku mbili wakimkanda mkewe mafuta, wakidhani ameteguka bega. Mama mmoja alisema alimsubiri mumewe arudi, kwa sababu yeye hajui kusema na watu wa hospitali. Kwa mzee mwingine tulielezwa kwamba safari ya mwisho alipokwenda kule, karani wa mapokezi aliiga anavyotamka, watu wakaangua kicheko, naye akaapa harudi pale ila kwa kubebwa. Akabebwa kweli. Mwanawe ndiye aliyekuwa anatusimulia, na yeye mzee ameketi pembeni, mate yanamtoka, anatusikia.

Kila nilipolifikia swali hilo nililitafsiri nimeinamia fomu. Nesi alidhani nina huruma kupita kiasi, na mimi nikamwacha adhani hivyo.

Wiki ya tatu Bi Maswali akaagiza na sisi wahoji tupimwe na tujaze fomu. Nesi akanifunga kitambaa, akasoma. Akapima mkono wa pili. Akaniambia ninywe maji nikae kimya, akapima tena. Mia moja tisini na nane juu ya mia moja ishirini. Mimi, wa miaka thelathini na minne, ninayebeba matita ya mashuka hadi ghorofa ya tatu bila kuhema! Aliniuliza kama kichwa kinauma, nikasema hapana. Nilimsihi asimwambie mtu, kwa kuwa msimamizi wa hoteli hapendi wagonjwa, akanipa hadi mwisho wa mwezi niende mwenyewe kliniki. Zile namba nilizikunja nikaziweka ndani ya kiatu, kana kwamba zikikanyagwa zitashuka.

Tangu siku hiyo hofu ikahamia kwangu ikaweka na kitanda. Kila nikiamka nacheka mbele ya kioo kama mwehu, kuona kama pande zote mbili za mdomo zinapanda sawa. Nainua mikono yote miwili nikihesabu hadi kumi. Mama alinikuta hivyo akaniuliza ni nani amenishikia bunduki. Nikikosa neno dogo tu, hata jina la sabuni, jasho jembamba linanitoka. Nilikuwa najua kila dalili kwa ufasaha, nawaeleza watu nyumba hadi nyumba wakimbie hospitali, na mwenyewe nikawa sikanyagi kliniki. Unajua wahenga walisemaje juu ya mficha maradhi. Nilikuwa naijua methali hiyo, nikaikanyaga nayo humo humo kiatuni.

Halafu ikaja siku ya fundi viatu. Yule wa karibu na kisima, anayeongea na misumari mdomoni. Tulikuwa chumbani kwake, mkewe amekaa mlangoni, tumefika swali la kumi na moja, la chumvi. Alikuwa anasema chumvi ndiyo kitu pekee ambacho mkewe hajawahi kumnyima, na mkewe anacheka. Sentensi ikamteleza katikati. Maneno yakaanza kutoka kwa kukatakata, kama bomba lililoingia hewa. Kiatu kikamponyoka. Upande mmoja wa uso ukashuka kama pazia lililochomoka kulabu, na yeye hana habari, bado anajaribu kumalizia utani wake.

Mkewe alinyanyuka akasema amechoka, tumwache alale kidogo.

Kaka, nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Nilisema halali mtu hapa. Nesi akatazama saa, akaandika kwenye kiganja chake: tisa na dakika tano. Tukamtoa kwa kumkokota, tukampakia kwenye gari la muuza magodoro, nikamshikilia kichwa njia nzima. Nilikuwa nahisi moyo wangu masikioni. Nilijua na mimi naweza kuanguka pale pale, tukawa wagonjwa wawili kwenye gari moja.

Mapokezi, karani ni yule yule. Aliomba kadi ya mkazi kabla ya kumtazama mgonjwa. Mke wa fundi akaanza kumweleza kwa lugha yetu, maana hofu ilikuwa imemfutia nyingine zote, na karani akamwambia aseme lugha ya watu. Unanijua mimi, sijawahi kubishana na mtu aliyeshika kalamu. Siku ile niliweka kiganja juu ya karatasi zake. Nikamwambia, “Dalili zimeanza saa tisa na dakika tano. Sasa hivi ni tisa na arobaini. Andika hiyo kwanza. Kadi utaiona kesho.” Akaandika. Nesi alikwishakimbilia ndani kumwita Bi Maswali. Wakampiga picha ya kichwa, wakamtundikia dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na hata saa kumi na moja haijagonga.

Siku ya tatu tulikwenda kumtazama. Tulimkuta ameketi, ameshika kijiko kwa mkono ule ule uliokuwa umekufa, anamfokea mkewe kwa maneno yaliyopinda kidogo lakini ya kwake mwenyewe. Aliponiona akasema, “Mkalimani, tumebakiza maswali mangapi?” Wodi nzima ikacheka. Mimi nikatoka nikaenda kulia kwenye korido, hadi mfagizi akaisogeza ndoo yake akaniachia nafasi.

Bi Maswali akanifuata akidhani nalia kwa furaha. Akanieleza kwamba ile dawa ina saa zake chache, zikipita haina kazi tena, na kwamba fundi angeachwa alale hadi jioni tungekuwa tunazika au tunamlisha kama mtoto. Kisha akaniambia, kwa upole tu, kama mtu anayetegua kitendawili, kwamba katika fomu yangu, kwenye swali la kumi na tisa, nimeandika tulimfikisha baba hospitali ndani ya dakika ishirini. Hakuna nyumba nyingine mtaani iliyowahi kufika haraka vile. Alitaka kujua tuliwezaje.

Hapo ndipo nilipoishiwa pa kukimbilia. Nilimwambia yeye, na sasa nakuambia wewe.

Miaka sita iliyopita nilikuambia kwamba baba alianguka tukiwa tunakunywa chai, nikamkimbiza, akafia mikononi mwangu mlangoni pa hospitali. Wewe ulilia ukasema afadhali hakuwa peke yake. Umelirudia hilo kila tunapomkumbuka, na kila mara limenichoma kama pasi. Haikuwa hivyo, kaka.

Kikombe kilimponyoka saa moja asubuhi. Mama alikuwa kwa dada yake. Mdomo wa baba ulikwenda upande, akawa ananiambia jambo nisilolielewa, ananishika mkono wa gauni, analirudia. Nilimlaza. Nikamfunika shuka. Nikamwambia amechoka, alale kidogo. Kisha nikaenda kazini.

Siku ile msimamizi alikuwa anachagua wa kubaki na wa kupunguzwa, na nilikwishachelewa mara mbili. Tena nilimkumbuka yule karani, alivyomrudisha baba mwaka wa nyuma eti aje na mtu anayejua kuongea. Nilitishika hata kuanza safari ya hospitali. Lakini sitajificha nyuma yao. Kulikuwa na majirani kushoto na kulia, na sikugonga mlango wowote. Nilipiga pasi mashuka siku nzima nikijiambia kwamba usingizi umemsaidia.

Nilirudi saa nane. Nilimkuta sakafuni, kati ya kitanda na mlango. Alikuwa amejikokota hadi pale. Alikuwa hai, macho yananitazama, na hakulalamika maana hakuwa na njia ya kulalamika, ulimi ulikwishakufa. Majirani walionisaidia kumbeba walidhani imetokea muda ule, nami nikawaacha. Tulifika hospitali saa tisa. Jua halikuzama naye.

Saa nane zilipita, kaka. Saba kati ya hizo alikuwa peke yake.

Bi Maswali hakunikaripia. Aliketi sakafuni kando yangu na koti lake jeupe, akaomba ruhusa ya kusahihisha fomu, akazikata dakika ishirini kwa mstari mmoja. Alisema lawama hii ina wenyewe wengi, wakiwamo wao wa hospitali, na kwamba karani ameondolewa mapokezi. Nilimsikia. Haikunipunguzia hata ratili moja. Nesi naye akatoa siri ya namba zangu, nikaanzishiwa vidonge, viwili kila asubuhi. Jana ilikuwa mia moja sitini na nne. Bado natishika. Nikimeza nasikilizia kichwa changu kama mtu anayesikilizia mwizi darini.

Mama nilimwambia juzi. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja hadi ya mwisho, akaniuliza kama nimemeza vidonge vya leo, nikasema nimemeza. Akatoka akaenda kukaa nje hadi giza likaingia. Hatujalizungumza tena.

Sasa sikiliza, maana hii ndiyo sababu sikuweza kungoja uje likizo. Mwezi uliopita ulinisimulia, huku unacheka, jinsi mkono wako wa kushoto ulivyokufa ganzi ukiwa juu ya mtambo wa kunyanyulia mizigo, ukakosa hata neno la kumwambia mwenzako asimame, halafu baada ya robo saa ukarudi mzima kama hakuna kitu. Ukasema ulilala vibaya. Na mimi nikacheka pamoja nawe, nikiwa na fomu za kiharusi mapajani! Bi Maswali anasema dalili inayokuja ikaondoka haijaondoka, imekwenda kuita kubwa yake. Una miaka thelathini na minane. Baba alikuwa na hamsini na mmoja.

Msalimie sana wifi yangu, na umsomee ukurasa huu wa mwisho, kwa sababu wewe utaukunja ukautia mfukoni. Wabusu watoto. Mama anasema kula vizuri, na fundi viatu, ambaye sasa anachechemea hadi kisimani na kurudi, anakusalimu bila kukujua.

Najua utanikasirikia, na una haki. Nakuomba tu usinijibu kabla hujapimwa. Nenda leo, usingoje kesho. Wakishakupa zile namba mbili, ziandike juu kabisa ya karatasi, kisha chini yake uniandikie lolote linalokujia moyoni, hata kama ni kwamba mimi si dada yako tena. Nitasoma namba kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
ninayekuogopa na kukuogopea.